Ulimpa Ngapi?



Mwaka 2023 nilipata nafasi ambayo sikuwahi hata kuiota. Wanawake wa usharika rafiki huko Ujerumani waliwaalika wanawake 4 kutoka kwetu Karagwe, na jina langu likawamo. Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka 20, na safari yangu ndefu kuliko zote hadi siku hiyo ilikuwa ya basi, Kayanga hadi Dar es Salaam, nikashuka miguu imevimba kama ya mjamzito wa miezi 9. Sasa naambiwa nipande ndege!

Mume wangu alicheka, mama mkwe akalia. Ninyi mnaoishi Kagera mnajua kwa nini alilia. Hatujaisahau asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege yenye watu 43 ilipoanguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, watu 19 wakapoteza maisha. Nilimtuliza mama kwamba hatutapita Bukoba. Tungekwenda kwa gari hadi Mutukula, tuvuke mpaka, tupandie ndege Entebbe kwa sababu nauli ya huko ilikuwa nafuu, na kutoka Nairobi tungesafiri usiku hadi Amsterdam. Mama mkwe akauliza kama kati ya Nairobi na huko kwa Wazungu hakuna ziwa. Sikumjibu.

Sikukusudia kuwasimulia Ulaya. Nataka kusimulia jambo moja lililotokea ndani ya ndege usiku ule, maana tangu siku hiyo limenifuata hadi jikoni kwangu. Lakini ili mnielewe, lazima kwanza nieleze habari za pombe nyumbani kwetu, na habari za shemeji yangu.

Nimezaliwa na mama aliyepika lubisi. Nilipokuwa mtoto, kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kukusanya nyasi za kukandia. Ndizi zilizoiva zilimenywa zikatiwa katika mtumbwi wa mti, wanaume wakazikanyaga na nyasi hadi juisi ikatoka, kisha mama akachanganya mtama uliokaangwa na kusagwa, akafunika kwa majani ya migomba. Kesho yake mtumbwi ulikuwa ukichemka wenyewe bila moto. Watoto tulionja juisi kabla haijawa kali, na hakuna aliyeona ajabu. Kwa fedha za lubisi hiyo nilisoma sekondari, na kwa fedha hizo hizo mama alinilipia chuo cha uuguzi. Kwa hiyo sitamtukana mama mpika pombe yeyote. Diploma yangu yenyewe ina harufu ya lubisi.

Mimi mwenyewe sinywi. Niliacha hata kuonja nilipokuwa chuoni. Lakini kutokunywa hakukunizuia kumimina. Kwetu, mwanamke akiolewa, kumkaribisha mgeni ni kazi yake. Sherehe ikiwapo, yeye ndiye anayebeba kibuyu au jagi, anapiga magoti mbele ya mkwe na mbele ya shemeji mkubwa, anamimina, anaonja kidogo kuonyesha kwamba kinywaji ni salama, anatoa kwa mikono 2. Kikombe kikiisha anajaza. Mwanamke asiyejaza anaitwa mchoyo, na sifa hiyo huwahi kufika kwao kabla yeye hajafika. Hata mimi nisiyekunywa nilikuwa nagusisha tu midomo, kisha natoa. Niliona fahari kwamba kwangu mgeni hakai na kikombe kitupu.

Mwaka 2016 tulimwaga binti wa ndugu wa mume wangu. Sherehe ilifanyika uani kwetu, na lubisi ilitengenezwa na jirani mmoja anayesifiwa. Shemeji yangu mkubwa, kaka wa mume wangu, alikuja kwa pikipiki yake. Ni mtu wa mzaha, anapenda kuniita "nesi", na siku ile alifurahi mno. Nilimjazia. Nilikuwa nazunguka na jagi, kila nikipita nampigia magoti na kumjazia, naye ananisifu mbele ya watu kwamba kaka yake ameoa. Giza lilipoingia akaaga. Niliona anavyotafuta ufunguo katika mfuko usio wake, mfuko wa koti la mtu mwingine lililotundikwa kwenye kiti. Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Saa 5 usiku nilipigiwa simu. Wenzangu wa zamu walikuwa na upungufu wa watu, na kulikuwa na majeruhi wa pikipiki aliyeokotwa katika mteremko wa barabara ya kutoka Omurushaka. Nilivaa sare nikaenda. Nilipomsafisha uso ndipo nilipomtambua. Alikuwa bado ananuka lubisi ya uani kwangu.

Shemeji hakufa, Mungu ashukuriwe. Lakini mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti baada ya wiki 2. Alfajiri ile mke wake alifika akiwa na kanga moja na viatu visivyofanana. Alinikuta koridoni. Hakulia wala hakupiga kelele. Alinishika mkono akaniuliza, "Nesi, ulimpa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Ninahesabu matone ya dripu, nahesabu mapigo ya moyo, nahesabu vidonge mbele ya mgonjwa kimoja kimoja, na ukinikosesha hesabu ya dawa za usingizi kabatini sitoki zamu. Lakini hesabu ya vikombe nilivyommiminia shemeji sikuwa nayo. Nilimwambia mke wake sikumbuki. Aliuachia mkono wangu polepole.

Basi, turudi kwenye ndege.

Kabla ya safari mwenzetu mmoja wa Kyerwa alitaka kuwachukulia wenyeji wetu dumu la lubisi, waonje vya kwetu. Tukaenda kuuliza. Kumbe mambo haya yana sheria zake! Kinywaji chenye kileo kisichozidi asilimia 24 hakina kikomo cha wingi katika mizigo inayowekwa chini ya ndege. Chenye asilimia 24 hadi 70 mtu anaruhusiwa lita 5, na kiwe katika chupa zake za dukani ambazo hazijafunguliwa. Kinachozidi asilimia 70 hakipandi ndege kabisa, kwa sababu kinaweza kuwaka. Na mkononi, tangu mwaka 2006 viwanja vingi havikubali kimiminika cha zaidi ya mililita 100, kiwe pombe, kiwe mafuta ya nazi. Lubisi kwa ukali wake isingekatazwa. Ila lubisi haijui kukaa kimya. Bado inachachuka, inatoa gesi, na dumu lingefumuka juu ya nguo za watu kabla hatujafika. Na ile enkonyagi ya kutia katika chupa ya maji, isiyo na karatasi ya kuonyesha ukali wake, hakuna wa kuikubali, achilia mbali kwamba gongo isiyo na leseni ni kosa hata ukiwa umekaa kwako. Tukabeba kahawa ya Karagwe. Ilipendwa sana.

Kutoka Nairobi nilikaa kiti cha katikati. Dirishani alikaa dada wa Kizungu aliyelala kabla hatujaruka. Upande wa njia alikaa baba mmoja Mtanzania, mfanyabiashara, umri wa kunizidi kidogo, pete ya ndoa kidoleni. Alinisalimu kwa adabu. Aliniambia amesafiri mara nyingi lakini hajawahi kuzoea, na kweli ndege ilipoanza kukimbia alishika mkono wa kiti hadi vifundo vya vidole vikawa vyeupe. Nilimhurumia.

Chakula kilipokuja, kigari cha vinywaji kilitangulia. Juisi, soda, maji, bia, mvinyo mwekundu na mweupe, na chupa ndogondogo za wiski. Katika safari ndefu za namna hii mashirika mengi hutoa bila malipo. Mhudumu wetu alikuwa binti wa Kikenya, wa rika la binti yangu wa kwanza. Nilichukua maji. Jirani yangu alichukua mvinyo, na kabla kigari hakijapita akaomba mwingine. Baadaye aliinuka kwenda nyuma, akarudi na wiski. Kisha akatoa mfukoni kikaratasi cha vidonge, akavunja 2, akavimeza kwa ile wiski.

Muuguzi haachi kusoma. Nililitambua jina la dawa. Zilikuwa dawa za usingizi.

"Baba, samahani," nilimwambia. "Hizo dawa na hicho kinywaji havipatani."

Alicheka, akasema, "Mama, nimezoea. Nikishtuka nimeshafika." Akabonyeza kitufe cha kumwita mhudumu, ili aongezewe.

Akina mama, nilikaa pale nikiwa na vita moyoni. Sauti moja iliniambia, huyu ni mwanamume mzima, si mume wako, si mgonjwa wako, nyamaza usimwaibishe mbele za watu. Hiyo ni sauti niliyoizoea, nimelelewa nayo. Na nyingine ilikuwa ya yule mwanamke wa koridoni. Binti alipokuja, baba akaomba wiski 2. Binti akatabasamu, akamwambia atarudi. Nikafungua mkanda, nikaomba njia, nikamfuata nyuma, kwenye lile jiko lao dogo lenye pazia.

Nilimwambia mimi ni muuguzi, nikamweleza habari za vidonge. Kisha, sijui kwa nini, nikamuuliza, "Umempa ngapi?"

Hakufikiri hata kidogo. "Mvinyo 2 nimempa mimi. Wiski 1 alipewa na mwenzangu hapa nyuma, na ameniambia. Hizo 2 anazoitisha sasa sikuwa nimeamua. Vile umeniambia ya dawa, hapati tena."

Nilishika ukingo wa ile meza yao. Msichana mdogo, anahudumia watu wengi gizani, na anajua hesabu ya kila mmoja!

Nilimuuliza anawezaje. Akanieleza huku anapanga vikombe. Wanahesabu, na wanapeana habari, ili mtu asizunguke upande wa pili kuchukua kwa asiyemjua. Baadhi ya mashirika huwafundisha wahudumu kwa mfano wa taa za barabarani. Abiria anayezungumza vizuri ni kijani. Aliyeanza kupaza sauti au kurudia maneno ni njano, huyo hupewa chakula na maji kwanza na kinywaji kinacheleweshwa. Aliyefika nyekundu hapewi tena, na mkuu wa wahudumu anaarifiwa, na ikibidi rubani. Mtoto hapewi hata mzazi akiruhusu. Na abiria haruhusiwi kufungua chupa yake mwenyewe aliyoinunua uwanjani, kwa sababu hapo hesabu inapotea.

"Na akikasirika?" nilimuuliza.

"Akikasirika, amekasirikia sheria," alisema. "Mimi siko peke yangu. Nyuma yangu kuna rubani."

Niliporudi nyumbani niliendelea kuuliza na kusoma, nikaona hakunidanganya. Marekani sheria inakataza mtu kunywa ndani ya ndege kileo chochote isipokuwa kile alichomiminiwa na mhudumu, na inamkataza mhudumu kummiminia anayeonekana amelewa. Rubani wa huko haruhusiwi kushika kazi kabla ya saa 8 kupita tangu alipokunywa. Uingereza kuwa mlevi ndani ya ndege ni kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 2. Na tangu Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963, rubani mkuu anayo mamlaka ya kumzuia abiria anayehatarisha wengine, hata kumfunga mikono, na kumshusha njiani.

Ila si mashirika yote yanayotoa kileo. Ndege za Saudia hazitoi, za EgyptAir hazitoi, na bado watu wanazipanda kila siku wakafika salama na kushiba. Nilimpa mume wangu habari hiyo kwa furaha, nikidhani nimemshinda. Akaniuliza, "Na Emirates je?" Emirates ni ya nchi ya Kiislamu, na inatoa. Basi tukabaki sare.

Binti alileta maji na mkate, akainama hadi uso wake ukawa sawa na wa yule baba. Sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba aliyekaa mbele asingesikia. "Mzee wangu, kwa sasa sitakuletea kinywaji kingine. Kunywa haya maji, nitarudi kukuangalia."

Baba yule alibadilika. Alimwambia amelipa nauli, kwamba yeye si mtoto, kwamba anamjua mkubwa fulani. Kisha akavuta mfuko wa plastiki chini ya kiti, mfuko wa duka la uwanjani, akaanza kuuchana. Binti aliuweka mkono juu ya mfuko, bila kuvuta. Mkuu wa wahudumu alishafika, mwanamume mrefu mwenye sauti ya upole. Wakachukua chupa, wakaiandika namba ya kiti, wakamwahidi kwamba atakabidhiwa mlangoni tukishatua. Hapo akanigeukia mimi.

"Ni wewe umenisema."

"Ni mimi, baba," nilijibu.

Alinitazama kwa muda, macho yameanza kulegea. Dawa zilimshinda kabla ya hasira. Alilala mdomo wazi, kichwa kikaniangukia begani.

Sikulala usiku ule. Wenzangu walidhani ni hofu ya ndege. Nilikuwa nahesabu pumzi zake, kila baada ya muda, kwa saa yangu ya kazini. Ndani ya ndege hewa hushindiliwa, lakini haiwi kama ya pwani. Hufanana na ya mlimani, wa mita 1,800 hadi 2,400, kupita vilima vyetu vingi vya Karagwe. Oksijeni inayoingia mwilini hupungua kidogo, na mtu mzima mwenye afya hata haoni. Pombe na dawa za usingizi hupunguza pumzi juu ya upungufu huo. Mwaka uliofuata, 2024, watafiti wa Ujerumani walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya kwa vijana wenye afya nzuri. Waliolala katika hewa kama ya ndege baada ya kunywa kiasi cha bia 2 hivi, oksijeni katika damu yao ilishuka hadi karibu asilimia 85, na moyo ukapiga karibu mara 88 kwa dakika wakiwa usingizini. Mama muuguzi anayesoma hapa anajua tungefanya nini wodini kwa mgonjwa wa asilimia 85. Na hao hawakuwa wamemeza kidonge chochote.

Binti alipita mara kadhaa na tochi yake ndogo. Hakuniambia kitu. Ananitazama, nami naitikia kwa kichwa, anaendelea. Tulikuwa kama watu wawili wa zamu moja.

Alfajiri baba aliamka. Alijifuta mdomo, akaona bega langu lilivyolowa, akaona haya. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Nakwenda kumuona mwanangu. Yuko hospitali." Kisha akanywa maji yote aliyowekewa usiku. Mlangoni alikabidhiwa chupa yake, akaipokea bila kumtazama yule binti usoni, akapotea katika watu.

Nimelibeba neno lake lile la mwisho. Huwezi kujua mtu anakunywa kwa sababu gani. Lakini huyo mwana aliyekuwa hospitali alimhitaji baba aliyefika akiwa mzima, na yule binti, bila kujua habari hiyo, ndivyo alivyomfikisha.

Sasa nije kwetu. Najua kati yenu wapo waliookoka wasiotaka hata kuisikia harufu yake, na wapo wanaosema Bwana Yesu alikwenda arusini Kana na Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo. Mabishano hayo tumeyafanya katika semina za wanandoa hadi chai ikapoa. Mimi nilikuwa naketi kwa amani katika mabishano hayo, kwa sababu sinywi. Nilisoma mara nyingi pale nabii Habakuki anapowaonya wanaowanywesha jirani zao, na wala sikuwahi kudhani ananitazama mimi niliyeshika jagi.

Niliporudi nilimwambia mume wangu kwamba nyumbani kwetu pombe isiingie tena. Alikataa. Alisema hawezi kuwaita wazee wa ukoo akawapa soda kama watoto wa Jumapili. Tulivutana wiki nzima, na sikushinda. Ndipo nikamweleza habari za yule binti, nikamwambia, "Yule ana rubani nyuma yake. Mimi nikikataa kumjazia kaka yako, nyuma yangu yuko nani?"

Alinyamaza. Mume wangu akinyamaza huwa amekasirika, kwa hiyo nikaenda kulala. Siku ya 2 jioni alinikuta nachambua maharage, akasema, "Hebu nieleze tena habari za hizo taa." Nikamweleza upya, kijani, njano, nyekundu. Akauliza kama chakula huja kabla au baada. Nikasema kabla.

Desemba 2024 mtoto wetu wa mwisho alipata kipaimara. Wageni walikuwa wengi, wengine walitoka Nkwenda na Murongo. Tulipakua chakula kwanza, na wazee walinung'unika, maana wamezoea kikombe kitangulie. Lubisi ilipoletwa, mume wangu alisimama. Akasema, "Leo anayemimina ni mama wa nyumba hii peke yake. Akisema basi, nimesema mimi. Na mwenye pikipiki alete ufunguo hapa mezani kabla hajapokea kikombe." Kulikuwa na kicheko, kisha kimya. Mzee mmoja aliondoka kabla ya jua kuzama, na nasikia anasema nilikwenda Ulaya siku 14 nikarudi nimekuwa Mzungu. Mama mkwe hakuniambia neno siku 3. Inauma, siwafichi.

Niliweka punje za mahindi katika mfuko wa gauni. Kila kikombe, punje moja inahamia mfuko wa pili. Kwa wageni wengi hesabu ilinichanganya, nakiri, na mimi si binti wa ndege. Lakini mmoja sikumkosea.

Shemeji alikuwa amekaa chini ya mwembe, magongo yake yameegemezwa kwenye shina. Nilimpigia magoti kama ilivyo desturi. Aliinua kikombe kitupu, akakizungusha mkononi, akanitazama.

"Nesi," alisema, "umenipa ngapi?"

"Viwili, shemeji."

Mke wake alikuwa jikoni mlangoni, anamenya ndizi. Alisimamisha kisu. Shemeji alikitazama kikombe, akakiweka chini taratibu kando ya gongo, akauliza kama kuna maharage yaliyobaki. Mke wake akainuka kumpakulia.